Utulivu, shwari, kituo au mizani? Jinsi ya kuchagua neno la kutulia bila kuchekwa

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alinipigia simu usiku akasema kaka shikamoo, jina la ofisi nimepata. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja cha masaji kando ya barabara kubwa, vitanda viwili, mishumaa, na kaspika kadogo kanakopiga sauti ya mvua mchana kutwa hata kama nje jua linawaka. Nikamjibu marahaba, haya lete. Akasema MIZANI. Maelezo yake ni kwamba mtu anaingia kavurugwa na maisha anatoka amekaa sawa, na neno kaliokota mtandaoni kwenye orodha ya maneno ya utulivu. Nikataka kumwambia subiri kwanza, akaniwahi, fundi wa mabango kashapewa advansi.

Bango likapanda. Siku ya tatu dereva wa Fuso akapaki pembeni, akashusha kioo, akauliza kama mtu aliyeonewa: "Dada, na hapa tena kuna mizani? Tangu lini?"

Maana kwa mtu wa barabarani mizani ni ile ya Vigwaza, au ukiwa Kenya ile ya Mariakani na ya Mlolongo, unapanga foleni na gari lako unaomba Mungu uzito usizidi, na sijawahi kuona binadamu aliyetulia roho akiwa juu ya mizani. Neno lenyewe halina kosa, liko kwenye kamusi na ni zuri tu, ila lina kitu chake lilikotoka na kile kitu halikiachi nyuma.

Kwa hiyo nikakaa nikamwandikia mdogo wangu maelekezo marefu, na haya ndo hayo nimeyaongeza kidogo, yatamfaa yeyote anayetafsiri, anayeandika kapsheni, anayetafuta jina la duka au la mtoto, au anayetaka tu kumtuliza mtu bila kumzidishia hasira. Kanuni ni moja. Kabla hujachagua neno jiulize kilichokuwa kinacheza ni nini. Ni mzigo? Bahari? Ukuta? Moto? Hesabu? Ukishajua hicho, neno linakuja lenyewe.

Anza na mzigo, ndo kwenye mzizi wa yote

Sisi tuliokua kwenye kuchota maji kisimani tulikuwa na maneno mawili ya lazima. Ukishajaza ndoo unamwambia mwenzio "nitwike", anakuinulia hadi kichwani. Ukifika nyumbani unamwambia aliyeko uani "nitue", anaishusha. Kutwika na kutua. Na ukichelewa kutuliwa shingo inakuambia yenyewe.

Sasa hilo hilo tua ndo la ndege kutua uwanjani, ndo la jua kutua, ndo la mwewe kutua juu ya mnazi. Kitu kilichokuwa juu kinahangaika na hewa au na shingo ya mtu kimepata pa kukaa. Ukiliongeza kidogo linakuwa tulia, yaani kutua mahali ukabaki hapo hapo. Ukiliongeza tena linakuwa tuliza, tulizana, halafu ndo unapata utulivu, mtulivu, tuli, kitulizo, ukoo mzima huo umetoka kwenye kushusha ndoo.

Ila kuna kitu hapa watu wanakipita haraka. Bibi yangu alikuwa anabeba ndoo haishiki. Anasokota kanga anafanya kata, anaiweka utosini, ndoo juu ya kata, na juu ya maji anaweka jani bichi la mwembe au kisahani cha plastiki ili maji yasirukeruke, halafu anaenda mikono iko chini, anapiga stori na anasalimia watu njia nzima. Mimi nikibeba kindoo changu naking'ang'ania kwa mikono miwili na bado nafika nimelowa mpaka magotini. Akaniambia siku moja: "Usiishike, ukiishika unaitikisa. Iache itulie." Iache itulie, na ndoo bado iko kichwani! Lita ishirini hazijapungua hata tone. Kwa hiyo kutua na kutulia ni vitu viwili. Aliyetua mzigo hana mzigo tena. Aliyetulia anaweza kuwa nao huo huo, tena mzito, ila hauchezi.

Ndo maana ukimwona mfiwa anapokea wageni, anamwita kila mtu kwa jina, anauliza kama chai imetosha, utasema "ametulia", na hakuna atakayekuelewa kwamba msiba umeisha. Lakini ukisema "roho yake imetua", hapo umesema jambo lingine, kuna kitu kimekwisha, jibu limetoka, mgonjwa amepona, deni limelipwa. Mtihani unausubiri: umetulia. Matokeo yametoka umefaulu: roho imetua. Ukizichanganya hizi mbili hakuna atakayekukamata, ila mwenye sikio atajua hujui.

Na kuna ndugu yao mwingine naona anasahaulika kabisa, kituo. Leo ukisema kituo watu wanawaza daladala au polisi, na ni kweli kinatokana na tua hiyo hiyo, mahali pa kushuka. Ila wazee wanalitumia kwa mtu pia. "Mtoto huyu hana kituo," yaani kutwa nzima yuko juu ya ukuta, chini ya meza, kwa jirani, mara kapotea. Mtu mzima anayeacha kazi kila miezi miwili naye hana kituo. Mimi nalipenda kuliko utulivu, maana utulivu unaweza kuwa wa saa moja tu ukiwa umepewa soda, lakini mwenye kituo ana mahali pake pa kurudi. Washairi nao wanalo, mstari wa mwisho wa ubeti unaitwa kituo, hasa ule unaorudiwa kila ubeti, ukifika hapo shairi linashusha pumzi.

Ukishafika kwenye kushusha huwezi kuacha bwaga. Kubwaga ni kushusha kwa nguvu, pu! "Bwaga moyo" maana yake acha kuhangaika, uweke moyo chini. Na ndo watu wengi wanasema jina la Bagamoyo limetokea hapo. Zipo hadithi mbili zinasimuliwa mpaka leo. Moja ni ya wapagazi, waliokuwa wanatembea kutoka Ujiji na Tabora na mizigo, pagazi mmoja anabeba kama frasila mbili, na frasila moja ni kama kilo 16, kwa hiyo weka zaidi ya kilo thelathini kichwani au begani kwa miezi, halafu siku moja unaona bahari. Unabwaga mzigo, unabwaga na moyo. Hadithi ya pili ni ya watumwa, kwamba hapo ndo mtu anaacha moyo wake maana ng'ambo ya hapo harudi tena. Maneno ni yale yale mawili, na moja ni raha nyingine ni kilio. Ndo maana nikasema neno linakuja na kitu chake mgongoni, ukiandika "bwaga moyo" kwenye kadi ya harusi fikiria mara mbili.

Mtego mmoja wa familia hii: tuama. Inasikika nzuri, na kweli ni utulivu wa maji, mchanga umeshuka chini juu kumebaki kweupe. Ila maji yaliyotuama kila mtu anayajua kutoka kwenye matangazo ya malaria. Andika "moyo uliotuama" na msomaji wa kwanza atauliza kuhusu mbu.

Na vijana wa mjini nao wamelichukua tulia wakalipeleka kwao. "Jamaa siku hizi ametulia" ni kwamba kaacha mambo ya kuruka ruka na wanawake, ana nyumba moja. "Hiyo shati imetulia" ni kwamba imekukaa. "Biti limetulia" ni kali. Hakuna aliyekosea, shati iliyotulia ni ile isiyokupwaya, ni ndoo ya bibi hiyo hiyo juu ya kata.

Bahari

Shwari ni neno la maji ya chumvi. Upepo umekata, bahari imelala kama bati, unaona mpaka mawe ya chini. Kwenye Biblia ya Kiswahili ile Union, Marko 4:39, Yesu anaukemea upepo na bahari, halafu "kukawa shwari kuu". Mtafsiri angeweza kuweka utulivu mkuu na angeeleweka, lakini aliyekaa pwani anajua shwari lina upepo ndani yake, upepo uliokuwepo na sasa haupo. Hilo ndo la kukumbuka ukilitumia. Shwari inafuata dhoruba. Ndo maana kamanda wa polisi baada ya vurugu anasema "hali ni shwari", na ndo maana ukiulizwa mambo vipi ukajibu shwari, ni kama umesema kulikuwa na mawimbi lakini nimepita.

Ila mwenye jahazi wa zamani, hana injini, shwari haimfurahishi hata kidogo! Tanga limelegea, chombo hakiendi, maji ya kunywa yanapungua. Pwani ina kaskazi kwa miezi kama ya Desemba hadi Machi, ina kusi katikati ya mwaka, na kati yake kuna kile kipindi upepo haujajua unataka nini, wanakiita tanga mbili. Kwa hiyo kama unamwandikia mtu aliyekwama maishani usimtakie shwari, mtakie upepo mzuri.

Neno ambalo ningependa lirudi ni farumi. Hili ni la ule uzito wa chini, mawe au mchanga unaowekwa ndani ya chombo kisicho na shehena ili kisiyumbe. Jahazi tupu linapinduka kirahisi kuliko lenye mzigo wa kiasi. Ukitaka kumsifia mtu ambaye misukosuko haimpindui kwa sababu ana kitu ndani, dini, malezi, elimu, chochote, mwambie ana farumi. Watu watauliza maana yake, ndo vizuri, utapata nafasi ya kueleza.

Ukuta, yaani uthabiti

Hapa ndo watu wa semina wanapokosea sana, wanachukua utulivu wanaupachika kwenye kila kitu. "Utulivu wa nguzo." Nguzo haitulii, haijawahi kuhangaika. Nguzo ni imara, au thabiti, au madhubuti.

Nenda site ukawasikilize mafundi, hawana muda wa maneno marefu. Kuna pima maji, ule ubao wenye kichupa cha maji ndani, fundi anaulaza juu ya tofali, anainama mpaka jicho linakuwa sambamba na kichupa, anaangalia lile tone la hewa. Likikimbilia kushoto anagonga tofali upande huo huo wa kushoto kidogo kwa mpini wa mwiko, tok tok, anaangalia tena. Likikaa katikati ya vile vimistari viwili hasemi kitu, anachota udongo anaendelea na tofali linalofuata. Halafu kuna timazi, kipande cha chuma kwenye kamba kinachoning'inia kuonyesha wima. Timazi ukiishusha inacheza cheza kwanza, unaisubiri itulie, ikitulia ndo unapima ukuta kwayo. Ona hapo, chuma kimetulia, ukuta umesimama wima, maneno mawili tofauti kwenye kazi moja.

Kwa mtu basi: imara ni nguvu, hapindi. Thabiti ni kwamba leo yuko pale ulipomwacha jana. Madhubuti ni kwamba ukimwegemea hutaanguka. Msimamo ni neno la kauli na maoni, mtu wa msimamo, na kinyume chake ni bendera fuata upepo (msimamo wa ligi ni kitu kingine, huo kwetu sisi wengine ndo unaondoa utulivu). Makini watu wengi wanadhani ni kuwa mwangalifu tu, ila mtu makini ana utulivu wa kazini, mkono hautetemeki, anasikiliza mpaka mwisho. Daktari wa upasuaji nataka awe makini, sina haja awe mpole.

Na mpole si mtulivu, tafadhali. Mpole ni kwa wengine, hana ukali. Mtulivu ni kwa nafsi yake. Nimefundishwa na mwalimu mtulivu kabisa, sauti haipandi hata siku moja, na bakora zake hazikuwa na upole wowote.

Kabla sijatoka site, kuna neno la watoto nalipenda sana: dede. Mtoto wa miezi kumi anajishika kwenye kochi, anaachia mkono mmoja, anaachia wa pili, anabaki hapo mikono imetanuka kama kifaranga, magoti yanatetemeka, nyumba nzima imeshika pumzi na inaimba "dedee, dedee". Amesimama dede. Hajawa imara, hajawa thabiti, anayumba kila sekunde na kila sekunde anajirudisha. Watu wa mazoezi wanaotafuta neno la kusimama kwa mguu mmoja mkatafuta maneno marefu marefu ya kamusi, mbona mnalo tangu mnanyonya?

Mizani, hesabu na ndugu zake (haraka haraka)

Mizani tumia pale vitu viwili vinapopimana. Ushairi unayo, mizani ni idadi ya silabi, shairi la kawaida nane kwa nane kila mstari, jumla kumi na sita, utenzi nane tu, na ukiharibu vina au mizani wanakuambia shairi lako ni guni. Nyota ya Mizani nayo ipo kwa wanaozifuata. Kwenye pesa ni salio, ukisema mizani ya simu yako hakuna atakayekutumia vocha. Urari ni wa biashara na wahasibu. Kusawazisha ni kulaza kifusi, na ni goli la dakika za mwisho. Chakula ni mlo kamili, usijisumbue. Na kugawana kati ya kazi na familia, ukweli ni kwamba mtaani tunasema kubalansi, "nabalansi tu kaka, kazi huku watoto huku", na ukitaka bila mkopo sema unagawa muda. Kuna watu wanachukia kubalansi, mi naona ni neno la watu, acheni lipite.

Moto

Poa asili yake ni chai. Kilichokuwa cha moto kimepungua. Hasira nayo ni moto ndo maana inapoa, ugomvi unapoa, na ukisema "poa" kwenye simu umesema yote. Burudika vilevile, asili yake Kiarabu cha ubaridi, roho imeburudika ni kama umepata maji ya mtungi mchana wa Februari.

Ila pooza kaa nayo mbali. Kupooza koo kwa soda sawa, lakini mtu akipooza ni kiharusi, na sherehe ikipooza watu wanaondoka saa tatu. Niliona tangazo la mazoezi ya kupumua limeandikwa "pooza mwili wako". Nani ataenda?

Na starehe kwa jina la biashara nayo iangalie. Asili yake ni kupumzika, na pwani mtu akitaka kukuinukia akupe kiti unamwambia "starehe!", yaani kaa usijisumbue. Nairobi Starehe ni jimbo na ni shule. Lakini Dar ukiandika Starehe Masaji juu ya mlango wenye pazia jekundu, utapata wateja na wala hawatakuja kwa ajili ya mgongo.

Moyo, roho, nafsi, kichwa: neno gani linakaa na nani

Orodha kamili sina, sikio ndo linakuongoza, ila hivi ndivyo inavyokwenda kwa kawaida. Roho inatua, inatulia, inaburudika, na ukiwa na wasiwasi inakuwa juu, "roho juu juu". Watoto wa mjini wanasema roho kwatu, kwatu ya kukwatua, imesuguliwa haina doa. Moyo unaenda mbio, unapiga pa pa pa, unatulia, na unapigwa konde. Kupiga moyo konde si utulivu bado, ni ujasiri wa kuingia ukiwa na woga wako. Nafsi inasuta, kwa hiyo nafsi ikitulia ina maana hakuna inachokudai, na kwenye tafsiri za Kurani ile mutmainna ni nafsi iliyotua. Madrasa nako ustadhi alikuwa hatuachii, ukirukuu utulizane, ukisujudu utulizane, yaani usidonoe kama kuku, kila kiungo kikae mahali pake kwanza ndo uinuke. Kichwa au akili ikitulia ni mambo ya busara, "huyo kijana kichwa kimetulia". Tumbo ni la wasiwasi tu, tumbo joto, na likipoa hakuna anayetangaza. Presha inapanda presha inashuka, hiyo ya mpira.

Sasa "amani ya ndani". Naiona kila mahali, kwenye vikombe, kwenye magauni. Haina kosa la sarufi, ila Kiswahili hakipendi kuganda kwenye nomino, kinapenda kitenzi. Badala ya "nina amani ya ndani" sema "roho yangu imetulia". Badala ya "tafuta utulivu wa akili" sema "tuliza kichwa". Badala ya "dumisha uthabiti" sema "usiyumbe". Jaribu kusoma kwa sauti mbele ya mama yako, kama atauliza "unasema?" badilisha. Na amani na utulivu zikitembea pamoja zimeshakuwa mali ya wanasiasa na majukwaa, ukiziandika pamoja kwenye kadi ya ndoa bibi harusi atahisi kuna uchaguzi.

Njia nyingine, na mimi ndo naitumia zaidi, ni kukanusha. Maneno ya kuyumba tunayo mengi na matamu kuliko ya kutulia: kuyumba, kutetereka, kupepesuka, kubabaika, kutapatapa, kutangatanga, kulegalega, kuwayawaya. Kila moja lina mwendo wake, mlevi anapepesuka, kiatu kirefu kinamteteresha mtu, aliyeulizwa pesa zimeenda wapi anababaika, samaki nje ya maji anatapatapa. Chukua lile linalomhusu mtu wako ulikanushe. "Hababaiki" ina nguvu kuliko "ni mtulivu" mara kumi, kwa sababu msomaji ameona kubabaika kwanza halafu akaona hakupo.

Ukitaka kumtuliza mtu

Usimwambie "tulia". Najua, neno zima tumelisifia hapa. Ila kama amri, kwa mtu mwenye hasira, hasa Bongo, tulia imeshaharibika, "tulia dawa ikuingie", "tulia kama unanyolewa", ni maneno ya kumcheka aliyeshindwa. Kwa mkubwa wako ni utovu wa adabu kabisa. Mkubwa unaanza na kumpa heshima yake, "mzee wangu, samahani, naomba tukae kwanza", unamvutia kiti. Ukishamkalisha nusu ya kazi imekwisha. Rika lako unaweza kusema "punguza jazba", au "tuliza boli" kama ni wa mpira. Kenya watakuambia tulia kama maji mtungini na hakuna anayekasirika, wameikariri kwenye insha tangu shuleni. Mtoto unamwambia "njoo".

Mfiwa ni pole, basi. Ukiongeza iwe "Mungu akutie nguvu" au akupe subira. Jikaze naiona inatumika sana, jikaze wewe ni mwanaume, jikaze kisabuni, mimi siipendi msibani. Kujikaza ni kuikamata ndoo kwa mikono miwili, na nimeshasema nilivyokuwa nafika nyumbani.

Sasa bango. Tulivutana wiki nzima na mdogo wangu. Kituo tukakiacha, polisi na daladala wamekimaliza. Shwari kulikuwa na duka la maji jirani lina jina hilo hilo. Sakina lilimvutia, ni utulivu kwa Kiarabu, ila Sakina ni jina la watu, na Arusha ni mtaa, akaona watu watadhani ndo jina lake wamwite hivyo. Mwisho akasema kaka, yale ya bibi na ndoo, na fundi akaja kufuta MIZANI akaandika kwa rangi ya kijani TUA MZIGO. Likapendeza kweli, nikajisifu kimoyomoyo.

Jumatatu asubuhi kanipigia, nasikia nyuma pikipiki inaunguruma na mtu anabishana. Ni bodaboda, kaleta viroba viwili vya viazi kutoka stendi, anataka kujua avishushie wapi na nani anasaini.